Sababu ya Kufika

Halle, 14 Januari 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu barua hii inakukuta mzima, na kile kifua chako hakijaanza tena ugomvi na vumbi la kiwanda cha saruji cha Wazo. Mie sijambo, ila baridi ya huku haina aibu. Pua yangu naiona kwenye kioo lakini siisikii.

Najua utaguna, kwa nini barua wakati simu ipo? Wewe mwenyewe ulisema simu haikupi nafasi ya kufuta. Basi nimekutii, nimenunua na kalamu.

Nina habari. Pamoja na masomo ya utunzaji nyaraka, nimepata kazi ya saa chache kwa wiki. Unakumbuka serikali uliyoikuta huku ulipokuja kusomea saruji, ile ya Ujerumani ya Mashariki? Ilipokuwa inaanguka, maofisa wake wa polisi wa siri walianza kuchana mafaili. Mashine zikaungua, wakachana kwa mikono, wakajaza magunia. Kazi yetu ni kukaa mezani na kuunganisha vipande, kimoja kimoja, mpaka mtu asomeke.

Nilidhani nitakutana na majasusi wa miwani myeusi. Badala yake nakutana na mama anayeeleza kwamba jirani yake amepokea kahawa kutoka Magharibi. Nakutana na mwalimu anayesema mwanafunzi fulani hakupiga makofi. Msimamizi wangu, mzee mmoja mkimya, ananiambia polisi peke yao wasingetosha hata mtaa mmoja. Anasema serikali ile ilijengwa na watu waliotaka kuonekana wema mbele ya mwenye daftari.

Na kumbe walikuwa na wajumbe kama wewe! Kila jengo lilikuwa na mtu wa kutunza kitabu cha wageni. Mgeni akija kulala anaandikwa: jina, anakotoka, sababu ya kufika, siku ya kuondoka. Nilicheka peke yangu nikikukumbuka barazani na daftari lako la nyumba kumi, na majirani wanakuja kutoa taarifa kwamba shemeji kafika kutoka Kilwa.

Mwezi wa nne unatimiza sitini na mbili. Niambie jina la bweni ulilokaa, nikapige picha nikutumie. Nisalimie Shangazi Tusa, mwambie nimemkumbuka na maparachichi yake.

Mwanao,
Veva


Wazo, 11 Februari 2024

Mwanangu Genoveva,

Marahaba, mama. Barua yako ilifika Jumanne. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili kwa miwani. Sie wazima. Kifua kinanisumbua asubuhi tu, mchana kinasahau.

Shangazi yako Tusajigwe alikuja Jumapili iliyopita kutoka Tandika. Kaleta maparachichi, kanipikia, kanigombeza kwa sababu mapazia ya marehemu mama yako sijayafua tangu uondoke. Wakati wa kuaga akaniuliza swali lake la siku zote, "Kaka Projestus, hakuna jipya?" Wewe umelikuta swali hilo, labda hujui lilikoanzia. Kaka yake, Lusungu, alikwenda masomoni huko mwaka mmoja na mie, ila chuo chake kilikuwa mji mwingine. Akapotea. Wenye nchi wakasema ameondoka, nyumbani hakufika. Kwa kuwa mie ndiye Mtanzania pekee aliyebaki aliyemfahamu huko, Tusa ananiuliza mimi. Mwaka wa arobaini huu, nami jibu langu ni lile lile.

Kuhusu wajumbe, usitulinganishe. Sie tulikuwa tunaandika mgeni ili akiugua tujue nduguze. Na hayo yamekwisha zamani, daftari lenyewe sijalifungua tangu ukiwa darasa la pili.

Yaani nilikuwa sijalifungua. Sikiliza kituko. Alhamisi alasiri nimekaa barazani, akaja Badru, huyu jirani yetu wa machinjio ya Vingunguti. Bado amevaa mabuti ya kazini.

"Mjumbe, nimekuja kutoa taarifa. Nina mgeni."

"Badru, siku hizi nani anaripoti mgeni?"

"Hata mie sijui. Miguu imenileta tu."

Nikadhani ni utani, lakini alisimama kanyooka na mikono nyuma, hataki hata kukaa. Basi nikatafuta lile daftari, nikapangusa, nikaandika. Mgeni ni kijana, amevaa koti zito la sufi. Na joto hili la Februari! Badru anasema kijana hatoki jasho hata tone. Nilipouliza jina lake, Badru alifungua mdomo, akaufunga. Nilipouliza anatoka wapi, akaniuliza mimi, "Kwani anatoka wapi?"

Kesho yake nikaenda kumsalimia huyo mgeni. Kitanda kimetandikwa vizuri, shuka halina hata kunyanzi. Badru anadhani mgeni ameagana na mkewe, mkewe anadhani ameagana na Badru. Tukacheka kidogo, nikarudi nyumbani.

Jina la bweni limenitoka kabisa, ni umri. Usijisumbue na picha. Soma kwa bidii, na usile vyakula vya makopo.

Baba yako,
Projestus


Halle, 9 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Pole na kifua. Mie mzima wa mwili.

Nilitaka kukushangaza siku yako ya kuzaliwa, basi nikatafuta mwenyewe. Majina ya wanafunzi wa kigeni yameorodheshwa, na Projestus wa saruji hawakuwa wengi. Bweni liko nusu saa kutoka hapa kwa treni, siku hizi wanakaa wazee. Kitabu chake cha wageni kimo kwenye boksi, hakikuchanwa. Nadhani waliona hakina siri ndani yake.

Nilijua mwandiko wako kabla sijasoma jina. Ile P yako yenye mkia.

Tarehe 17 Oktoba 1984. Mgeni, Lusungu, raia wa Tanzania. Mwenyeji, Projestus, chumba namba 31. Pembeni ya ukurasa kuna namba ya faili kwa penseli nyekundu, siyo mwandiko wako. Kwenye faili jingine lenye namba hiyo hiyo kuna karatasi moja tu. Inasema kijana huyo alichukuliwa kituo cha treni asubuhi ya tarehe 19. Baada ya hapo faili halina kitu. Nimelitikisa kama mjinga, nikidhani kuna karatasi imenasa.

Baba, sie tulikua tukijua kwamba hukuonana naye mwaka ule. Shangazi Tusa anajua hivyo. Mama alipolala hospitali miezi mitatu, Shangazi Tusa ndiye aliyekuwa akimwosha na kumgeuza, nesi mstaafu, na mgongo wake mwenyewe ni mbovu. Nilimuuliza kwa nini anajitesa namna ile. Akasema, "Baba yako ni mtu wa kaka yangu."

Niambie tu kilichotokea. Nakusubiri.

Mwanao,
Veva


Wazo, 2 Aprili 2024

Mwanangu Veva,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu, si kwa ugonjwa.

Ni kweli, nilimwandika mimi. Lakini nisikilize kabla hujanihukumu.

Lusungu alikuja Jumanne jioni na begi moja. Huko chuoni kwake alikuwa amesimama mkutanoni akauliza kwa nini barua za kutoka nyumbani zinawafikia zimefunguliwa. Basi, swali moja. Wakamwambia atarudishwa bila cheti. Akaona heri avuke kwenda Magharibi, sie wenye pasipoti za Kiafrika ilikuwa inawezekana ukimpata ofisa asiye na kisirani. Alihitaji mahali pa kulala siku tatu.

Mie nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka Bukoba, nimekulia ndani ya nyumba kumi. Kwetu mgeni asiyejulikana kwa mjumbe alikuwa ama mwizi ama mwanga. Babu yako alimpeleka kwa mjumbe hata mama mkwe wake, bibi wa watu anachechemea na fimbo, aandikwe. Ndiyo ilikuwa adabu. Mgeni akishaandikwa ni mgeni wa mtaa mzima, hakuna wa kumgusa. Basi asubuhi, kabla ya darasa, nikashuka kwa mama wa mlangoni, mtunza kitabu, nikamwambia nina ndugu yangu amefika. Nilidhani namlinda. Hilo ndilo kosa langu, na nalijua tangu Ijumaa ile aliyochukuliwa. Nilishindwa kumwambia Tusa mwaka wa kwanza. Ukishindwa mwaka wa kwanza, wa pili unakuwa mgumu zaidi.

Sasa niseme jingine, maana sina mwingine wa kumwambia. Yule mgeni hajaisha. Baada ya Badru alikuja Mwalimu Elinaza, nyumba ya tatu. Mgeni wake aliomba maji ya kunawa, akamshukuru, akawa anamwita "ndugu mwalimu". Siku hizi nani anaita mtu ndugu mwalimu? Elinaza ameokoka, hasemi uongo. Kisha akaja Dilshad, yule dada wa duka la vifaa vya ujenzi. Tangu wahamie hapa familia yao haijawahi kuja kwangu kwa mambo ya ujumbe, ana haja gani na mimi? Kasimama pale pale alipokuwa amesimama Badru.

"Mjumbe, nina mgeni. Ameniuliza treni ya saa moja na robo inapita upande gani. Nikamwambia hapa hakuna treni ya abiria. Akasema atasubiri."

Wote wanakuja Alhamisi, wote alasiri. Kila mmoja anataja koti lile. Nyumba zimefika tano. Na nyumba yangu, kama unavyojua, ni ya kumi.

Baba yako,
Projestus


Halle, 21 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Heri ya kuzaliwa iliyopita.

Barua yako niliisomea kwenye ngazi za posta. Nilipofika kwa Dilshad niliacha kusoma. Watu walikuwa wananipita, mama mmoja akaniuliza kama naumwa.

Kuna kitu sikukuandikia mwezi wa tatu, nilitaka ukiseme mwenyewe. Hukukisema.

Kitabu kina safu ya "sababu ya kufika". Nimesoma kurasa zake zote, miaka kumi na moja. Wageni wa jengo lile walikuwa mamia, na karibu kila mmoja ameandikiwa neno moja: kusalimia. Hata wachumba waliokuwa wanajificha, hata yule aliyekuja kununua redio ya magendo, wote wamekuja kusalimia. Jengo zima lilikuwa linadanganya kwa sauti moja. Mama wa mlangoni alijua, na aliyekuwa akimkagua alijua. Mtu mmoja tu alijaza safu ile kwa ukweli.

Uliandika: anasubiri treni ya Berlin ya Ijumaa, saa moja na robo asubuhi, kisha kuvuka.

Nani alikuuliza treni, Baba? Adabu ya babu ilitaka jina la mgeni. Haikutaka treni.

Nimeuliza msimamizi wangu serikali ile iliangukaje. Nilidhani atanisimulia maandamano na ukuta. Akaniletea kitabu hicho hicho, akafungua mwishoni, vuli ya mwaka 1989. Wageni wanapungua wiki hadi wiki, si kwamba hawaji, bali hakuna anayeshuka kuwaandikisha. Kisha kurasa zinabaki na mwandiko wa mama wa mlangoni peke yake. Kila siku ameandika tarehe, na chini yake: hakuna. Hakuna. Hakuna. Bweni lilikuwa na watu mia mbili. Msimamizi akasema, "Ni hapa ilipoanguka. Huko barabarani walikuja kuizika tu." Alifunga kitabu, akaenda kunywa chai.

Sikuchukii. Nimejaribu wiki nzima, nimeshindwa. Lakini Shangazi Tusa ana miaka hamsini na minane, na tangu akiwa msichana hajui kama awashe mshumaa wa marehemu au aandae kitanda. Nenda ukamwambie, yote, pamoja na treni. Nakupa hadi mwisho wa Juni. Usipokwenda, nitamwandikia mimi.

Huyo mgeni wako simjui ni nini. Kama anaogopwa na mtu, ni wewe peke yako. Wenzako wamempa maji tu.

Veva


Halle, 2 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Mbona kimya? Nilipiga simu mara tatu. Mara ya kwanza ulisema mtandao mbovu, mara ya pili ukasema una wageni. Mara ya tatu alipokea Mwalimu Elinaza, akasema mjumbe anaandika, asisumbuliwe. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kama yuko kanisani.

Unaandika nini, Baba?

Naogopa. Huku jua linawaka mpaka saa tatu usiku na bado naogopa. Yale maneno ya mwisho kwenye barua yangu yalikuwa makali, nisamehe kwa ukali wake. Tarehe ni ile ile.

Mwanao,
Veva


Wazo, 30 Juni 2024

Mwanangu mpendwa Genoveva,

Marahaba, mama, na amani iwe nawe. Nimeamka na nguvu kidogo leo, nimekunywa uji wote. Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani, baraza nimeiacha.

Uliniuliza nilikuwa naandika nini. Nitakwambia, hata kama ni aibu.

Baada ya barua yako ya mwezi wa nne nilijiambia sitaandika tena. Alhamisi ikafika, akaja mtu wa nyumba ya sita, nikaandika. Kisha wakaanza kuja hata siku nyingine, bila mgeni. Mmoja anasema mpangaji wa uani hahudhurii mikutano ya mtaa. Mwingine anasema fulani amenunua friji na mshahara wake tunaujua. Badru kaja kunieleza maneno aliyosema Elinaza msibani, Elinaza kaja kunieleza ya Badru. Sikumwita hata mmoja. Walikaa kwenye foleni, Veva, pale kwenye ukuta wa duka la Dilshad, watu wazima, kimya, kila mtu anatazama viatu vyake. Daftari likajaa. Nikanunua jingine.

Na nilisikia raha. Hilo ndilo ninalotaka ulijue. Miaka mingi mtaani nilikuwa mzee wa kifua tu, leo wanasimama nikipita. Nilipokuwa nashika kalamu kifua kilikuwa hakinibani. Siku moja Dilshad alimaliza taarifa yake, nikamwambia, "Na sababu?" Akatetemeka. Nikaona anavyotetemeka, nikarudia swali.

Hapo ndipo nilipojitambua, maana raha ile naijua. Niliisikia mara moja tu maishani, tarehe 17 Oktoba, nikiwa nimeinama kwenye meza ya mama wa mlangoni.

Adabu ya babu yako ni kweli ilinishusha ngazi. Lakini nilipofika kwenye ile safu, niliziona zilizo juu yake. Nilikuwa nakisoma Kijerumani vizuri, unanijua. Kusalimia, kusalimia, kusalimia. Nilielewa, mwanangu. Si kwamba nilikuwa mshamba. Nilielewa ni uongo na nilielewa ni wa nini, nikawadharau wote. Nikasema moyoni, mimi siyo kama hawa, mimi fomu naijaza ilivyo. Wanatutania Wahaya kwa majivuno, siku ile haukuwa utani. Nikaandika treni na saa yake kwa mwandiko mzuri, nikapuliza wino ukauke. Yule mama akasoma. Akanitazama kwa muda, nadhani sasa kwamba alikuwa ananipa nafasi ya kufuta. Mie nikatabasamu. Akasema, "Wewe peke yako una utaratibu katika jengo hili." Akanikatia kipande cha keki. Nikapanda nacho chumbani, nikamgawia Lusungu nusu.

Alikula, akasifu.

Sasa nirudi kwa mgeni. Nyumba ya tisa walikuja kutoa taarifa katikati ya Mei. Nikajua Alhamisi inayofuata ni zamu yangu. Nilikaa na hofu wiki nzima, nikafunga milango hata mchana. Alhamisi ikapita, hakuja. Ya pili ikapita. Hofu ikaanza kugeuka. Nikafua mapazia ya mama yako. Nikatandika chumba chako, nikapika ndizi na samaki, nikatoa kiti kizuri. Nilitaka aje, Veva. Anitukane, anipige kama anataka, alale, ale. Ningempa maji ya kunawa. Alhamisi tano nimekaa namsubiri mpaka jua linazama. Na watu nao wakaacha kuja. Siku moja foleni ilikuwepo, kesho yake haipo. Nikamwuliza Badru habari za yule mgeni wa koti, akasema, "Mgeni yupi, mjumbe?" Hakuwa ananitania. Nilimtazama machoni, hakujua ninachosema.

Basi Alhamisi iliyopita, tarehe 27, sikusubiri. Nikavaa suti ya kanisani nikaenda Tandika.

Nilifika saa kumi. Tusa alikuwa anachambua mchele. Mlangoni kulikuwa na viatu vya kiume, vya ngozi nene, vya zamani, vimekaa upande upande kwa uchovu. Vilikuwa na vumbi jeupe la saruji. Tandika nzima hakuna vumbi la namna ile, lile ni la huku kwetu. Mezani kulikuwa na vikombe viwili, kimoja kimenywewa nusu.

Nikamwambia yote. Nilianzia begi nikaishia keki. Nilitaja treni, nikataja saa. Niliyasema yale ya kuwadharau wenzangu. Yeye hakuacha kuchambua mchele. Nilipoanza kulia hakunikataza wala hakuniambia pole.

"Umemaliza?" aliniuliza.

"Nimemaliza."

"Miaka arobaini, Projestus." Hakuniita kaka. "Nilikuwa nakuja kwako kwa sababu nilidhani wewe ndiye kipande chake kilichobaki."

Chumba cha ndani mtu akavuta kiti. Nilikisikia kikiburutwa sakafuni, kisha mtu akakohoa, kikohozi cha kijana.

"Una mgeni, Tusa?"

"Ninaye."

"Wa lini?"

Akanitazama, na mie nikajisikia nilichouliza na namna nilivyokiuliza. Nikainamisha kichwa. Nikamwomba ruhusa nimsalimie, nikasema salamu tu, sitakaa.

Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akarudishia mlango. Nikasikia sauti yake, na sauti nyingine ya chini ikimjibu kwa maneno machache. Kinyakyusa chao sikijui. Walizungumza kwa upole, kuna mahali Tusa alicheka kidogo, na sijawahi kumsikia akicheka vile, kama msichana. Akatoka.

"Amesema hapana."

Basi nikasimama. Unajua tangu zamani nikitoka kwa Tusa hunisindikiza mpaka barabara kubwa, hata mvua ikinyesha, na tukifika barabarani tunasimama tena nusu saa. Mama yako alikuwa akitucheka kwamba tunaagana kama watu wanaohama nchi. Juzi Tusa aliishia kizingitini. Nilikwenda polepole. Kwenye kona nikainama nikajifanya nafunga kamba za kiatu, nikazifunga, nikazifungua, nikazifunga tena, ili nimpe muda wa kunifuata. Nilipogeuka, mlango ulikuwa umefungwa.

Baba yako,
Projestus